Nani Kagusa Ruta

Wiki ya mwisho kabla ya kipaimara cha binti yangu Kindness, mtandao wa nyumbani kwetu uligeuka. Ukawa unanifungia mimi na kumfungulia yeye. Naeleza hivi kwa sababu ndivyo nilivyoona, na kwa siku nne sikuweza kuona kwa namna nyingine.

Kindness ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza. Kaka yake Godlove anafanya kazi Dodoma, na ndiye aliyetuletea ruta: kisanduku cheupe chenye taa tatu, unakitia laini kama unavyotia kwenye simu, kisha nyumba nzima inapata mtandao. Alikiweka juu ya kabati la vyombo kwa sababu hapo ndipo kinaposhika. Kwetu Old Moshi mteremko na migomba huficha mambo mengi, hata mawimbi ya simu. Godlove alikileta kwa nia njema. Mimi nilipata maombi ya alfajiri kwa simu, pamoja na akina mama wa mtaa wetu. Kindness alipata gemu.

Ni gemu la kupigana. Watu wanashushwa kisiwani, wanawindana, mpaka abaki mmoja. Anacheza na wenzake watatu ambao hajawahi kuwaona kwa macho; mmoja yuko Mwanza, mmoja Tanga, wa tatu sijui. Na kwa kuwa mchana wote wako shule, wanakutana usiku. Mwalimu wake wa darasa alinipigia kwamba Kindness amelala kipindi cha hisabati mpaka mate yakalowesha daftari, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Baba yake, Eliezeri, ni mwongoza wageni mlimani. Jumapili jioni, akiwa anafunga begi ili kesho yake apande, nilimwambia kwamba safari hii namnyang'anya mtoto simu.

"Simu ina masomo ya kundi lao la shule," alisema. "Funga mtandao, Anaeli, usimfunge mtoto."

"Mtandao unafungwaje?"

"Si ndiyo mnayofundishwa huko darasa la kompyuta jioni?" Akacheka, akaniaga. Angeshuka Jumamosi jioni, ili Jumapili asimame kanisani kama baba wa mtoto wa kipaimara.

Jumatatu nilimwandikia Godlove, naye kutoka kazini akanitumia maelekezo mafupi: ingia ukurasa wa ruta, tafuta palipoandikwa ratiba, weka saa ya kufunga na saa ya kufungua, hifadhi. Nikaketi mezani na daftari langu. Kwanza niliomba, kwa sababu siku hizi sianzi jambo la kompyuta bila kuomba. Kisha nikaandika vizuri kwa kalamu: Kufunga, saa 4:00 usiku. Kufungua, saa 11:00 alfajiri, ili nisikose maombi. Nikajaza kama nilivyoandika. Palikuwa na sehemu ya kuchagua simu moja ifungwe nyingine iachwe, lakini sikuielewa, nikafunga zote. Nikabonyeza. Ukurasa ukaweka alama ya kijani.

Sikuwahi kusoma zaidi ya darasa la saba mpaka mwaka huu. Ile alama ya kijani niliitazama kama mtu anavyotazama kuku wake wa kwanza akitaga.

"Kindness," nikamwita. "Kuanzia leo mtandao unajifunga wenyewe saa nne usiku. Unajifungua saa kumi na moja."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

"Sawa, mama." Akaitazama ruta, akanitazama mimi. "Hongera."

Nikalala saa tatu kwa amani, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuamka mapema.

Saa kumi na moja alfajiri niliwasha simu ili niingie kwenye maombi. Hakuna mtandao. Nikasema labda saa ya ruta inachelewa kidogo. Nikangoja robo saa. Nikangoja nusu. Taa zote tatu zinawaka, mtandao hakuna. Saa kumi na mbili Elinipendo, jirani yangu anayeongoza maombi, akanipigia simu ya kawaida.

"Mama Kindness, ulilala? Leo ilikuwa zamu yako kuombea vijana. Tumekuita mpaka tukakuombea wewe."

"Mtandao umekataa, mama."

"Umekataa saa ya maombi?"

"Saa hiyohiyo."

"Hiyo si bure," akasema. "Adui hapendi alfajiri. Weka mkono juu ya hicho kisanduku, ukemee."

Nilikemea. Sioni aibu kusema. Niliweka mkono wangu juu ya ruta ikiwa ya uvuguvugu kama yai, nikakemea kwa jina la Yesu, na Kindness akapita na sare yake ya shule, akasimama mlangoni na chai mkononi. Nilipotoka kukata majani ya ng'ombe na kurudi, saa tano hivi, mtandao ulikuwa umerudi. Nikamtumia Elinipendo ujumbe: Bwana ametenda.

Usiku wa Jumanne niliamka saa saba kwa ajili ya ng'ombe wetu ambaye alikuwa karibu kuzaa. Alikuwa salama, anacheua. Niliporudi niliona mwanga chini ya mlango wa Kindness, nikasikia sauti yake, ya kunong'ona lakini yenye moto.

"Nyuma yako! Fahad, yuko nyuma ya jiwe! Usilale wewe, shuka, shuka!"

Nikafungua mlango. Simu ikaenda chini ya blanketi.

"Unacheza na nani saa hizi?"

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie saa saba usiku! Mtandao umefungwa. Unachezaje?"

Nikatoa simu yangu mfukoni. Mtandao upo, tena una nguvu. Picha zote za kundi la ukoo zikaanza kumiminika. Nikasimama pale na kanga yangu, miguu imeshika umande, nisielewe. Saa ambazo ulipaswa kufungwa, uko wazi. Saa ambazo ulipaswa kuwa wazi, umefungwa. Mtu amegeuza.

"Umegusa ruta?"

"Sijagusa, mama."

"Kindness."

"Sijagusa."

Alfajiri ilipofika, mtandao haupo tena. Sikuhitaji kuombewa ili nione. Mtoto amecheza usiku kucha, kisha amenifungia mama yake asubuhi, ama kwa kisasi, ama kwa kufunika nyayo. Akiwa shuleni, mchana ule wa Jumatano, nilifungua ukurasa wa ruta nikaulinganisha na daftari langu, tarakimu kwa tarakimu. Vilikuwa sawasawa kabisa. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema: basi hakuna aliyegusa. Mimi nikasema: mtoto huyu ni hodari kuliko nilivyodhani, akishamaliza anarudisha kama palivyokuwa.

Nikabadilisha neno la siri la ukurasa ule. Nikaweka jina la marehemu bibi yangu na mwaka niliobatizwa, ambavyo Kindness havijui. Siku hiyo nilijikaza mpaka saa tano usiku nikiwa na simu mkononi. Saa nne ikapita. Mtandao upo. Saa nne na nusu, upo. Nikasikia chumba cha pili wanaambiana wajifiche kwenye nyumba ya ghorofa. Alhamisi alfajiri, haupo.

Nilimwita kabla hajaenda shule. Alisimama mbele yangu na begi mgongoni.

"Mwanangu, Jumapili unakwenda kuungama imani yako mbele za watu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Umegusa ruta?"

"Sijagusa."

"Nani kagusa? Baba yako yuko mlimani. Mimi sijagusa. Ni nani?"

"Sijui, mama. Mimi sijagusa." Machozi yakaanza kumtoka, na mimi, Mungu anisamehe, niliyaona kama ushahidi. "Nichelewe?" akauliza. "Geti linafungwa."

Nikamwacha aende. Nikabaki nimepiga magoti penye kiti, nikitafuta maneno, na neno moja tu ndilo lililokuja: amri ya nane. Alikuwa ameikariri wiki nzima mwezi uliopita, huku akimenya ndizi. Usimshuhudie jirani yako uongo. Nikafikiri, mtoto anayeijua hivi, akadanganya hivi, akapiga magoti Jumapili awekewe mikono, huyo namsaidiaje kwa kunyamaza? Niliona kwamba kupenda ni kusema.

Kanisani nilimkuta Mwinjilisti Ezra, anayewafundisha watoto wa kipaimara, akiwa na orodha yake juu ya meza. Elinipendo na mama mwingine walikuwa wanafuta mabenchi. Sikuwangoja watoke.

"Shikamoo, Mwinjilisti. Nimekuja kuomba jina la Kindness litolewe mwaka huu."

"Marahaba. Litolewe kwa nini?"

"Ni mwongo."

Kitambaa cha Elinipendo kikaacha kusugua.

Nikaeleza. Mwinjilisti alisikiliza mpaka mwisho, miwani yake ikiwa kwenye paji la uso. "Ulimwona akigusa?"

"Sikumwona. Lakini nyumbani tuko wawili."

"Na ng'ombe," akasema, lakini hakucheka. "Mama Kindness, una hakika? Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Wazazi huja kunibembeleza niongeze jina. Wewe ni wa kwanza kuja kuniomba nipunguze."

"Nina hakika."

Akachukua rula. Hakukata jina ovyo. Alilipigia mstari ulionyooka, taratibu, kama mtu anayepima ubao. Nilipotoka nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kengele, na nilitembea kama mtu aliyetua mzigo, kisha nikagundua kwamba sijautua, nimeuhamishia bega lingine.

Jioni hiyo Kindness alikuwa ameshajua. Habari za kwetu hupanda na kushuka haraka kuliko maji ya mfereji. Hakunililia. Alikata majani, alimnywesha ng'ombe, alipika mtori wa ndizi, akanitengea. Hakula.

"Wenzangu wa kipaimara wananiita Mama Ruta," alisema akiwa amenipa mgongo.

Nikamfunikia mtori wake.

Ijumaa nina darasa la jioni huko Soweto, mjini Moshi. Nilifikiri nisiende, lakini kukaa nyumbani na kile kimya chake kulikuwa kugumu zaidi. Tuko kumi na wawili darasani, wote watu wazima, na mwalimu wetu wa kompyuta, Nasrin, ni mdogo kuliko karibu sisi wote. Anayekaa karibu nami ni Valerian, mwashi wa Kibosho mwenye miaka hamsini na miwili, ambaye vidole vyake ni vinene kiasi kwamba akibonyeza herufi moja zinaingia mbili.

"Leo ni kalenda," Mwalimu Nasrin alisema. "Kila mtu aandike jambo lake moja la Jumapili hii. Jina la jambo, mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Jambo la kweli, msiniandikie harusi za uongo."

Kichwani mwangu hapakuwa na jambo lingine. Nikaandika: Ibada ya kipaimara. Nikaandika mtaa wetu. Kuanza, 4:00. Kumaliza, 7:00. Ndivyo ilivyo kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni mwa kanisa: saa 4:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Nikabonyeza. Kile kibao chenye rangi kikaruka mpaka juu kabisa ya ukurasa, peke yake.

Mwalimu alisimama nyuma yangu. "Mama Kindness, hii ibada ni ya popo?"

"Ni ya kipaimara, mwalimu."

"Umewaita wageni saa kumi alfajiri."

Valerian akanyoosha shingo. "Ai! Walutheri wameanza kubariki watoto gizani? Sisi Wakatoliki walau tunangoja jogoo."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, kwa nusu. "Si saa kumi," nikasema. "Ni saa nne. Nimeandika nne."

"Umeandika nne, ndiyo. Lakini nne ya kompyuta si nne yetu." Mwalimu akavuta kiti. "Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Yenyewe jua hailijui, inaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa nne ya asubuhi unaiandikia kumi. Saa nne ya usiku unaiandikia ishirini na mbili. Ukiiandikia nne, yenyewe inaelewa saa kumi ya alfajiri. Saa hiyo hata muadhini wa mtaani kwetu bado anatafuta kandambili."

"Lakini hilo nalijua, mwalimu!" Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Simu yangu ikionyesha ishirini na mbili, mimi nasoma saa nne. Nasoma kila siku bila kukosea."

"Kusoma unajua. Kuandika ni kitu kingine. Ukiandika, mkono unafuata mdomo, na mdomo wako unasema nne. Kila mwaka nina watu wa hivi, mama, usione aibu."

Sikuwa naona aibu bado. Nilikuwa nahesabu. "Na kumi na moja yake?"

"Kumi na moja yake ni saa tano ya asubuhi."

Kufunga, saa kumi ya alfajiri. Kufungua, saa tano ya asubuhi. Na usiku kucha, wazi.

Nilitoa daftari kwenye mkoba, nikalifungua pale nilipoandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikamwekea mwalimu mbele. Alisoma, akanitazama, hakuelewa ni kwa nini nalia kwa sababu ya ratiba ya mtandao. Valerian ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini sasa, "Mama, ni nini? Umemfungia nani?"

Nilipanda bodaboda kabla kipindi hakijaisha. Njia nzima niliomba, lakini maombi yenyewe yalikuwa yamechanganyika. Nilikuwa nimemwomba Mungu kwa siku nne anionyeshe aliyegusa. Amenionyesha. Sasa nilikuwa namwomba aninyamazie kidogo nipate kupumua.

Kindness alikuwa jikoni. Sikukaa wala sikuvua koti.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ruta. Ni mimi niliyeigeuza. Niliweka nne na kumi na moja."

Alifikiri kwa muda mfupi sana, pengine pumzi mbili, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa lote bila kuelezwa na mwalimu yeyote. "Uliweka nne? Mama! Ya usiku ni ishirini na mbili."

"Sasa najua."

"Yaani mimi..." Akaweka mwiko chini. "Yaani mimi wameniita mwongo kwa ajili ya nne?"

"Si wameniita. Mimi ndiye niliyekuita. Nisamehe, mwanangu. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Mwinjilisti."

Hakusema amenisamehe. Alisimama, akatazama moto. Mimi nami sikuweza kuondoka, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja bado hakijanikaa sawa, nikakiuliza, ingawa sikuwa na haki ya kuuliza chochote.

"Kindness. Nilikuambia unafungwa saa nne. Jumatatu ukaona haukufungwa."

"Niliona."

"Ukacheza."

"Nikacheza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana, mama. Nikasema labda kesho utaona mwenyewe uweke vizuri. Halafu ukaanza kuuliza, umegusa? Kila siku ni umegusa, umegusa. Sijagusa! Hukuniuliza kama nacheza."

"Nilikukuta unacheza!"

"Ndiyo. Sasa ungeniuliza nini?"

Mtoto hakudanganya. Tena hakusema kweli. Niliona yote mawili na sikuweza kuyaweka kwenye sahani moja. Nilimwita mwongo naye hakuwa mwongo, lakini usiku wa siku nne alicheza akijua mama yake amelala akidhani mlango umefungwa. Kama angeniambia Jumanne asubuhi, jina lake lisingepigwa mstari. Na kama mimi ningeuliza vizuri, vilevile. Nililala na hilo, nikaamka nalo.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mwinjilisti Ezra kabla ya mazoezi. Nilimweleza kuhusu nne na ishirini na mbili. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba kalamu, akachora saa ya duara kwenye ganda la sabuni, akaitazama muda mrefu.

"Hili silielewi vizuri," alisema. "Ninachoelewa ni kimoja. Mtoto hakugusa."

"Hakugusa."

"Basi. Orodha Mchungaji ananingojea mimi niipeleke saa nane. Lakini mama, hukusema ukiwa na mimi tu. Ulisema mbele ya watu, na watu wamelibeba. Litarudi kwa njia iliyopita."

Hivyo watoto thelathini na wazazi wao walipokwisha kuketi kwa mazoezi, nilisimama mbele. Kindness alikuwa amekaa mlangoni, kwa kuwa nilimbembeleza aje na hakutaka kuingia zaidi ya hapo. Nilianza kueleza. Nikasema saa nne ya usiku si nne ya ruta, kwamba nne ya ruta ni kumi, na kumi ya ruta ni nne lakini ya asubuhi.

"Subiri," baba mmoja akasema. "Kwa hiyo Jumapili tuje saa ngapi?"

"Ya Jumapili ni nne ileile."

"Nne ya ruta?"

"Si ya ruta! Ya kanisa!"

"Na yale maombi tuliyokemea?" Elinipendo akauliza kutoka benchi la tatu. "Mama Kindness, tulikuwa tunamkemea nani?"

"Mlikuwa mnanikemea mimi," nikasema, na watu wakacheka, na watoto wakacheka, na nikaona kwamba mambo yanapotea tena katika vicheko na saa. Nikaacha kueleza.

"Sikieni," nikasema. "Alhamisi, hapa hapa, nilisema binti yangu ni mwongo. Si kweli. Nilimuuliza kama amegusa, akasema hakugusa, na hakugusa. Aliyekosea ni mimi. Nilimshuhudia mtoto wangu uongo. Asiitwe tena jina lile."

Mwinjilisti Ezra akageukia mlangoni. "Kindness, una neno?"

Alisimama pale pale. Nilidhani atatikisa kichwa. "Sikugusa ruta," alisema. Akashika fremu ya mlango. Watu walishaanza kugeuka mbele, wakidhani amemaliza. "Lakini nilijua haijifungi. Nikanyamaza, nikacheza."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Mwinjilisti akashusha miwani kutoka kwenye paji mpaka machoni. Hakumkemea wala hakumsifu. Alitafuta nafasi kwenye orodha yake. Ile ya zamani ilikuwa chini ya mstari wa rula na haikuweza kutumika tena, kwa hiyo akaandika jina lake upya, chini kabisa, baada ya mtoto wa mwisho.

"Utasimama mwisho," alisema. "Njoo uonyeshwe pa kupiga magoti."

Akaingia. Alipita karibu yangu bila kunitazama.

Jioni tulipanda nyumbani pamoja, yeye mbele. Kwenye kona ya mfereji akaniuliza, bila kugeuka, "Baba akifika, utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Tutamwambia pamoja."

"Hapana. Pamoja utaanza kueleza mambo ya saa. Wewe useme lako, mimi niseme langu."

Sikujua kama huo ni msamaha au ni masharti. Bado sijui. Nikasema sawa.

Eliezeri alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlangoni, anafungua kamba za buti, uso umebabuka kwa baridi na jua la juu. "Nimemsalimia ng'ombe, nimewasalimia kuku," akasema. "Watu wa nyumba hii wako wapi? Mmefungwa wapi?"

Tukaanza kusema wote wawili kwa wakati mmoja. Akainua mkono.

"Mmoja mmoja. Nani anaanza?"

"Mimi," nikasema.